Siku Nthofeela Alipoweka Nyekundu

Katika kiwanda chetu cha jinzi pale Thetsane, Maseru, nchini Lesotho, mimi nilikuwa mtu wa kupiga pasi, na Nthofeela alikuwa wa ofisini. Kazi yake ilikuwa kupanga: kitambaa kitoke China lini, kontena lishuke Durban lini, laini ipi ya cherehani ishone nini, lori liondoke lini. Hakuwa na maringo. Mchana alishuka kula papa, ugali wetu wa mahindi, na mboga pamoja nasi, akikaa karibu na mdogo wake Keneuoe, aliyeshona mifuko ya nyuma.

Wanunuzi wa ng'ambo wakaleta mfumo mpya wa kompyuta. Walitaka kuona kila kitu hukohuko waliko, tangu jora la kitambaa hadi sanduku lililofungwa. Kila oda ilikuwa na rangi: kijani, mambo yanakwenda; njano, kuna wasiwasi; nyekundu, tumechelewa. Aliyezijaza rangi hizo ni Nthofeela, lakini aliyezichagua ni meneja, Bwana Kuo.

"Bosi, kontena bado limekwama Durban," Nthofeela alimwambia majira ya baridi ya mwaka ule. "Niweke njano?"

"Weka kijani."

"Kitambaa hatuna, bosi."

"Kitakuja. Kikija washonaji watakimbizana nacho. Kijani!"

Laini zikanyamaza. Tukarudishwa nyumbani bila malipo, tukaambiwa tusubiri kuitwa. Kitambaa kilipofika, tarehe ya meli ilibaki ileile, maana wanunuzi walikuwa wameona kijani tu. Ndipo tukakimbizwa kweli. Hata kwenda chooni kulikuwa kwa kubembeleza.

'Matšeliso, aliyekaa cherehani ya pili kutoka kwa Keneuoe, alikuwa na mimba. Aliomba akapumzike.

"Mama, maliza hilo fungu kwanza," msimamizi akamwambia.

Akalimaliza. Aliposimama, kiti kilikuwa kimelowa damu. Tulimtoa nje tumembeba kwa kipande cha kitambaa cha jinzi, kwa kuwa hapakuwa na kingine. Mimba ikatoka. Oda iliondoka kwa wakati, na Bwana Kuo akatununulia soda.

Nthofeela hakuigusa yake. "Ile kijani niliiweka mimi," aliniambia.

"Si uliagizwa?"

"Mkono ulikuwa wangu."

Msimu uliofuata kitambaa kilikwama tena. Safari hii hakumuuliza mtu. Akaweka nyekundu, akaandika chini yake kwamba kitambaa hakijafika na tunaomba tarehe isogezwe. Bwana Kuo alipiga meza hadi chai ikamwagika, lakini wanunuzi walipiga simu kumshukuru Nthofeela kwa ukweli wake, wakaongeza siku. Tulishona kwa utaratibu, tukarudi nyumbani tukiwa na nguvu za kupika.

"Sasa bosi ni wewe," Keneuoe akamtania. "Nyama utatununulia lini?"

Hata Nthofeela mwenyewe alicheka. Kila kitambaa kilipochelewa aliweka nyekundu, na kila mara walimshukuru.

Kisha oda za msimu mpya hazikuja. Kila asubuhi Nthofeela alikaa mbele ya kompyuta akingoja. Mwishowe akawapigia wanunuzi. Mzungumzaji wa upande wa pili alikuwa mpole sana. Alisema wamelinganisha viwanda vyao vyote, na vyenye nyekundu nyingi vimepunguzwa.

"Lakini mimi niliwaambia kweli," Nthofeela akasema.

"Na tunashukuru sana. Imetusaidia mno kupanga."

Kiwanda kikafungwa kabla ya Pasaka. Bwana Kuo alitukusanya uani, akanyoosha kidole kwenye dirisha la ofisi. "Muulizeni yeye!" Nthofeela alipotoka getini, wanawake aliokula nao walimpa mgongo. Mmoja alitema mate. Keneuoe alitembea naye hadi karibu na nyumbani, kisha akasema, "Ungewawekea hiyo kijani yao, dada, tungekufa?"

"'Matšeliso nusura afe."

"Nusura," Keneuoe akajibu.

Juma lile Keneuoe akavuka mto kwenda Ficksburg, Afrika Kusini, kuvuna mboga kwenye mashamba ya Makaburu. Watoto wake akamwachia Nthofeela.

Baadaye 'Matšeliso alikuja. Nilikuwepo, maana tulipanga ua mmoja. Alikaribishwa chai, akaiweka chini.

"Watu wanasema ulifanya vile kwa ajili yangu."

"Ndiyo, mama."

"Mimi sikukutuma."

Nthofeela alikisogeza kikombe karibu naye.

"Nilishalia, nikamaliza," 'Matšeliso akasema. "Kilichokuwa kimenibakia ni kazi." Hakupandisha sauti. Akaomba namba ya Keneuoe, amuulize kama kule mashambani bado wanachukua watu. Nthofeela akamtajia taratibu, naye 'Matšeliso akaiingiza kwenye simu yake, akaaga.

Nthofeela aliwapikia watoto uji, akawalisha, kisha akajilaza na viatu vyake miguuni. Hadi leo amepeleka maombi viwanda vyote vya Thetsane vilivyobaki. Wanamjua kwa ile nyekundu yake, hakuna aliyemwita.