Kijana Aliyekata Kayaba Muthangari

Sikuota, sikulewa, na chai nilikuwa nimekunywa. Nasema mapema kwa sababu nawajua ninyi: mzee akisema ameona maajabu, mnanusa mdomo wake kwanza. Na haikuwa usiku. Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama juu ya kichwa, kule Muthangari, Nairobi.

Kazi yangu ni kukata fensi za miti, hasa kayaba, ile ya miiba inayotoboa mpaka kiatu. Siku hiyo nilipita mahali nilipoandikwa kazi nikiwa kijana. Nyumba ilishabomolewa, sasa ni gorofa, lakini kipande cha kayaba ya zamani kiliachwa kwa nyuma. Nikasikia panga. Cha, cha, kimya kidogo, halafu jiwe kwenye makali. Siku hizi nani anakata hivyo? Wote wana mashine. Hivyo nilikuwa nakata mimi, kwa sababu bega langu la kulia huchoka haraka, niliumia nikichunga ng'ombe, lakini hayo tuyaache.

Nikachungulia. Niamini, nywele zilisimama, hizi chache zilizobaki. Yule kijana alikuwa mimi. Sisemi kufanana. Mimi! Kidole gumba changu cha kushoto hakina kucha, panga lilikula baadaye. Chake kilikuwa kizima. Na kwenye mfuko wa shati, bahasha.

Hiyo bahasha naijua. Nitawaambia jambo nililoficha maisha yangu yote: sikujua kusoma. Shule niliacha darasa la pili. Lakini mpishi wa nyumba ile, msichana wa Machakos aliyekuja kuwa mke wangu, nilimdanganya nimefika kidato cha pili. Jumapili nilikuwa naketi getini na gazeti. Siku moja nikalishika juu chini, akacheka, nikamwambia naangalia picha kwa upande mwingine. Mke wangu, mama wa watu, akaenda kaburini akiniita msomi. Sasa barua ikija kutoka kwetu Vihiga, ningempa nani anisomee? Hiyo niliibeba wiki tatu. Kumbe ilikuwa ya kuniita, mama anaumwa. Nilijua siku mjomba alipofika Nairobi kuniuliza mbona sikuja kuzika. Mimi, kitinda mimba wa mama!

Basi nikamwita. "Kijana, soma hiyo barua."

"Nishasoma, mzee."

"Inasema nini?"

Hata hakuitoa. "Wananisalimia. Wanasema mvua imenyesha."

Maneno yangu yaleyale niliyomjibu yule mpishi alipouliza! Nikashika kayaba kwa mikono, damu ikatoka. "Wacha uongo! Mama anaumwa! Mpe mtu yeyote akusomee, upande gari leo leo. Aibu itakuuma siku moja tu, hii ingine itakuuma mpaka uzeeke!"

Akanoa panga polepole. "Na hiyo yako, mzee?"

"Yangu gani?"

"Hiyo imelia kwa mfuko."

Kweli, simu ilikuwa imelia asubuhi, meseji ya binti yangu Rosa. Jina lake nalijua kwa sura tu. Tulikuwa hatuongei. Aliniandikia nije ubatizo wa mtoto wake, sikujibu, akaona nimemdharau, akanipigia kunitukana, akaapa hatanipigia tena mpaka nimjibu.

"Anasema nini?" kijana akauliza.

Mdomo wangu ukajibu bila mimi. "Ananisalimia. Anasema mvua imenyesha."

Alicheka, jamani! Kicheko changu cha ujana, kile cha kichwa nyuma. Kikakatika katikati. Nikaangalia: hakuna panga, hakuna mtu, hata jani moja lililokatwa chini hakuna.

"Mzee, unagombana na nani?" Ni askari wa gorofa. "Hiyo kayaba haijaguswa tangu nianze kazi hapa."

Ningeweza kuondoka. Miguu ilitaka. Nikampa simu. "Nisomee. Mimi sijui kusoma."

Hakucheka. Akasoma: "Baba, wananipasua leo saa tisa. Nilitaka kusikia sauti yako kwanza. Kama bado una hasira, sawa." Na jina la hospitali.

Nilikimbia na gambuti zangu mpaka kwa watu wa boda. Rosa nilimkuta kwenye kitanda cha magurudumu, wanamsukuma. Nikashika chuma cha kitanda, muuguzi akanifokea, sikuachilia.

"Baba! Ulisoma?"

"Nilisomewa," nikasema. "Sijawahi kujua kusoma, mama. Hata ile ya ubatizo sikuisoma."

Akaniangalia sana. "Miaka yote hii, Baba? Na vile nilikutukana!" Akacheka huku analia, wakaingia naye.

Alipona. Mimi niko ngumbaru sasa, darasa la watu wazima la kusoma, jioni tatu kwa wiki, nakaa na wamama wa Kenyatta Market wanaoniita kijana. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, miezi miwili, Rosa akinisahihisha. Lakini mama yangu bado alizikwa bila mimi. Yule kijana hakunisikia, na sidhani atanisikia hata nirudi mara mia.

Kwa hiyo nawaonya. Iko siku utakutana na wewe wa zamani, na utakuwa na mengi ya kumfundisha. Usianze kumhubiria. Atakuuliza unafanya nini leo, naye hadanganyiki.