Fundi Kitwana na Njumu ya Kushoto

Mtu akikwambia Kitwana alikuwa fundi cherehani, mkubalie, lakini ujue kakwambia nusu. Cherehani alikuwa nayo kweli, nyeusi iliyochubuka, barazani Mtaa wa Mchikichi. Mimi nilikuwa barazani hapohapo natengeneza majiko ya mafuta ya taa, na macho yangu haya yameona suruali alizowabana watu na kaptula alizowapwayisha. Kushona alikuwa wa kawaida tu. Ubingwa wake ulikuwa kuficha wachezaji.

Wewe wa leo utacheka. Miaka ile mpira haukuwa na mishahara ya kusoma gazetini. Klabu ikimtaka mchezaji inamtafutia kazi kiwandani, anapewa kitambulisho, anapewa na chumba. Akishakubali, mpaka siku ya usajili ipite lazima afichwe, maana klabu nyingine wakimwona wanamwiba mchana kweupe. Klabu yetu, Ngurumo ya Kariakoo, kazi hiyo ilimpa Kitwana. Alikuwa mtu wa Kilwa, mfupi, mpole, sura yake ukikutana nayo asubuhi mchana umeshaisahau. Mfichaji hasa.

Na alikuwa na utaratibu wake. Akimpokea mchezaji anamvua njumu ya kushoto, anaitia kwenye mfuko wake wa vitambaa. Kisha anamwambia, "Akija mtu na njumu hii, mfuate. Akija bila njumu hii, hata kama ni baba yako mzazi, huyo mwizi. Kimbia."

Tabu haikuwa kwa Kitwana. Tabu ilikuwa Ngurumo yenyewe. Sijawahi kuona watu wenye mkosi wa saa kama viongozi wetu. Tulimwacha kipa Anselmi kwa sababu mipira ya juu haioni. Alipohama tu akatibiwa macho, akawachukulia wenzetu kombe. Tukamleta winga wa Tabora ambaye sifa zake tulizisikia miaka mitatu nyuma. Tulienda stesheni kumpokea kwa ngoma, akashuka na mkongojo. Tukinunua, mtu kaisha. Tukiuza, mtu ndiyo kwanza anaanza. Hata Gati, timu ya makuli wa bandarini, walishatuzoea. Kila usajili walikuwa wanaacha nafasi moja wazi mpaka siku ya mwisho, wanasubiri tu Ngurumo tumtupe nani.

Sasa mwaka huo ninaousema ulikuwa mwaka wa Nguvu Kazi, na watu wa mjini wanaujua. Mgambo wanapita mtaa kwa mtaa. Huna kitambulisho cha kazi, unapandishwa lori, unapelekwa shamba ambalo hata jina lake hujawahi kulisikia. Mwaka huohuo ulikuwa na msako wa wahujumu uchumi, mwenye katoni ya sabuni ndani halali usingizi. Mjini kila mtu anatembea huku anageuka nyuma.

Kitwana alikuwa na shemeji yake, Shomari, mdogo wa mkewe Zamzam. Kijana wa Ngurumo, mshambuliaji wa pembeni. Msimu uliopita alikuwa hovyo, sifichi, mpira ulikuwa unampita kama hawajuani. Lakini miezi ile ya karibuni miguu yake ilikuwa imeanza kumsikia. Katibu wetu, Sadalla, hilo hakuliona. Yeye alikuwa na macho ya kuona mbali tu, kwa hiyo akamwona Augustino, mfungaji mrefu wa Songea, akamleta Dar. Orodha ya klabu ilikuwa imejaa, ilibidi mmoja atoke. Sadalla akamwapia Kitwana: "Nifichie Augustino vizuri, shemeji yako habanduki. Tutamtoa mwingine."

Kitwana akamficha Augustino kwa Bi Urmila, mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, anayeishi juu ya duka lake mwenyewe. Nani angemtafuta mfungaji wa Songea pale? Kijana alilishwa chapati na dengu mpaka akaanza kuota nyama. Nyumba ile waliijua wawili tu, Kitwana na Sadalla.

Basi, siku ya mwisho ya usajili, mchana, Shomari akafika barazani, uso umemshuka.

"Shemeji, katibu kaninyang'anya kitambulisho."

Kitwana akasimamisha mguu kwenye cherehani. "Kakunyang'anya vipi?"

"Anasema nimeachwa. Barua imeshapelekwa chama cha mpira asubuhi hii. Na kazi ya kiwandani imekwenda na barua."

Zamzam alikuwa ameleta chai. Akaliweka birika chini polepole, na hapo nikajua pamewaka. "Kitwana," akasema, "huyu mdogo wangu akipandishwa lori, na wewe panda. Nitakuja kuwapungia wote wawili."

Hajamaliza, Sadalla huyo, anashuka kwenye Landrova ya kijani ya kiwanda, Kaunda suti, faili kwapani, ameremeta kama bwana harusi.

"Fundi! Leo tumewahi! Barua ya kuacha imeingia kabla ya chai. Miaka yote mnasema Ngurumo tunachelewa. Haya, lete njumu nikamchukue mtu wangu."

"Uliniapia, Sadalla."

"Nilikuapia, kamati ikaamua. Mpira ni kamati."

"Basi kamati iende ikamtoe. Barua ya Shomari ikirudi, njumu unaipata. Isiporudi, haitoki humu mfukoni."

 Mimi nilikuwa nimeshika jiko la watu, nimelikumbatia kana kwamba njumu imo humo. Sadalla akamtazama fundi, akatutazama sisi, kisha akacheka. "Njumu! Mtu mzima unacheza mchezo wa kitoto. Nyumba naijua na kitambulisho cha Augustino ninacho humu kwenye faili. Kaa nayo njumu yako, uichemshe."

Akapanda gari, akaondoka na vijana wake wawili.

Haikupita muda mrefu tukamwona Bi Urmila anakuja mbio, sari kaishika mkononi, ndara moja mguuni. Bi Urmila hata mvua ikimkuta njiani hakimbii.

"Fundi! Serikali! Imekuja serikali!"

"Wapi, mama?"

"Dukani! Gari, suti, faili, na watu wawili. Anagonga, anasema, 'Fungua, najua unacho juu, kilete chini!' Mimi juu nina sabuni, fundi, sabuni ya kufulia mwenyewe, na wiki ile walishakuja kupekua. Nikasema juu hakuna kitu, hakuna mtu. Yule kijana kasikia, kauliza, 'Ana njumu?' Nikamwambia ana faili. Nikamtoa mlango wa nyuma, nikamwambia kimbia."

Kitwana alifumba macho. "Mama, hiyo gari rangi gani?"

"Kijani. Ya kiwanda."

"Mama, yule ni Sadalla."

Bi Urmila akakaa kwenye kibao cha wateja. "Sadalla wa mpira?" akauliza. "Basi kwa nini anagonga kama serikali?"

 Hebu ona hali ilivyokuwa. Augustino yuko nje, mgeni, hajui hata Msimbazi iko upande gani, kitambulisho chake kiko kwenye faili la Sadalla, na mguuni ana njumu moja au hana kabisa. Shomari yuko barazani, naye hana kitambulisho. Mgambo wako mitaani. Na mfichaji ni mmoja.

Kitwana akasimama aende kumtafuta Augustino. Zamzam akamshika mkanda. "Unakwenda wapi? Wako ni yupi?"

"Mgeni wa watu, Zamzam. Nimempokea mimi."

"Na huyu nani kampokea? Jua likizama hana klabu, hana kazi. Kesho asubuhi wanagonga mlangoni kwangu."

Fundi akabaki amesimama, mkono uko mfukoni kwenye njumu. Nilimwona anatafuna shavu kwa ndani. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Gati wana nafasi."

Mtu wa Ngurumo kutamka hivyo, tena mfichaji! Ningekuwa na nguvu ningesimama. Miaka yote aliwaficha watu wasiibiwe na Gati, leo anakwenda kuwapelekea mwenyewe. Lakini ofisi ya Gati iko karibu na lango la bandari, chama cha mpira kinafunga dirisha la usajili saa kumi, na saa nane ilikuwa imeshapita.

Akafunga mzigo mkubwa wa kaptula za shule, akamtwisha Shomari kichwani mpaka uso ukafichwa nusu. Yeye akavaa futi shingoni, pini kwenye ukosi, mfuko begani. "Tembea kama mtu aliyechoka kutumwa," akamwambia. "Usitembee kama mtu anayeogopa." Kisha akanigeukia. "Njoo na wewe. Wawili tunatia shaka, watatu tunakuwa kazi."

Ndiyo nilivyojikuta na mimi nimo, na jiko la watu mkononi.

Tulipita vichochoro mpaka Gerezani salama. Pale Gerezani, mtu hana pa kukwepea, lori limesimama limekingama njia nzima. Nyuma limejaa watu, wengine wana malapa, mmoja ana ndoo ya maandazi bado. Mgambo wanne. Mmoja, mnene, akanyoosha kirungu.

"Nyie. Vitambulisho."

Mimi nikatoa changu. Kitwana akatoa chake. Kirungu kikamwelekea Shomari. "Na wewe wa mzigo?"

Shomari akaushika mzigo kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, nikajua sekunde moja tena anautupa mzigo anakimbia, na kwa mbio zake labda angefika, labda wangemkamata. Lakini Kitwana alikuwa anaangalia kwingine kabisa. Alikuwa anaangalia makalio ya mgambo.

"Afande," akasema, "samahani. Hii suruali kakushonea nani?"

"Nini?"

"Mshono umeachia nyuma. Chupi inaonekana, afande. Ya bluu."

Wenzake wakaangua kicheko, hata ndani ya lori wakacheka. Mgambo akapeleka mkono nyuma, akakuta kweli. Kitwana alishapiga magoti, pini ameshazijaza mdomoni, ameshika kitambaa. "Mm-mm," anamwashiria asitikisike. Mtu mwenye pini matakoni hatikisiki. Wenzake wamemzunguka wanamtania, Kitwana akampungia Shomari mkono kama anamfukuza mtoto wa kutumwa: nenda, nenda. Shomari akatembea. Taratibu, kama mtu aliyechoka kutumwa.

Hajafika mbali, sauti ikatoka kwenye lori.

"Fundi! Fundi Kitwana! Mimi hapa!"

Augustino. Mrefu kuliko wote, amesimama peku.

Mgambo akauliza, bila kugeuka, "Anakuita wewe?"

 Kitwana akisema ndiyo, itabidi amweleze Augustino ni nani, na Shomari ni nani, na mzigo umekwenda wapi. Akisema hapana, kamkana mgeni wake mbele ya macho yake. Na Shomari bado yuko wazi barabarani, mgongo wake unaonekana.

Kitwana hakusema kitu. Mdomo umejaa pini. Mkono mmoja umeshika mshono, wa pili ukaingia mfukoni, ukaivuta njumu ya kushoto, ikachungulia nje kidogo tu, kamba zinaning'inia. Augustino akaiona. Alifungua mdomo, akaufunga. Halafu akakaa chini katikati ya watu, akanyamaza.

Sijui kama wewe ungeweza kukaa kwenye lori lile kwa kuonyeshwa kiatu. Mimi nisingeweza.

Mshono ulipomalizika Shomari alishakata kona. Tukamkuta nyuma ya bohari, ametua mzigo, anatapika. Hatukumsubiri amalize. Gati walipomwona mlangoni hawakuuliza hata maswali, mwenyekiti wao alitikisa kichwa tu: "Mwaka huu tulidhani Ngurumo mtatunyima." Wakampakia kwenye pikapu kwenda chama cha mpira.

Wanasema dirishani pale Shomari ndiyo kwanza anaweka sahihi, Sadalla akaingia anahema, suti imelowa mgongoni. Augustino hajampata, kwa hiyo amekuja kuirudisha barua ya Shomari. Karani akamwambia, "Bwana katibu, barua yako iliwahi sana. Mchezaji ana timu." Ngurumo wakamaliza usajili bila wa zamani wala mpya, nafasi iko wazi kama jino lililong'oka.

Kitwana hakwenda dirishani. Alirudi Gerezani mbio, lori limeshaondoka, akalifuata mpaka kwenye uwanja wanapokusanywa watu. Akatuma mtu amlete Sadalla na lile faili. Jua limezama ndiyo Augustino akatoka, kitambulisho mkononi.

"Umechelewa, fundi," akasema.

"Nilikuwa na mwingine wa kuficha."

Augustino akaichukua njumu yake, akaikung'uta kama imeingia mchanga. "Yule wa mzigo?"

"Yule."

"Anakwenda vizuri," Augustino akasema. "Nilimwangalia. Hakugeuka nyuma hata mara moja." Kesho yake akapanda basi la Songea, na mpira wa Dar hakuutaka tena.

Ngurumo wakamfukuza Kitwana uanachama, mkutano mzima unapiga kelele msaliti, na jezi alizokuwa anawashonea wakampa mwingine ambaye alizishona vizuri zaidi. Zamzam siku ile alipika pilau. Shomari akapewa kitambulisho cha bandari. Msimu huo Gati walipokutana na Ngurumo, redio ilikuwa imewashwa dukani kwa Bi Urmila, na mtangazaji alipolitaja jina la Shomari kwa goli la pili, mimi nililia, maana mimi ni wa Ngurumo mpaka leo. Kitwana hakushangilia wala hakulia. Alikanyaga cherehani kwa nguvu, akaharibu suruali ya mtu.

Miaka minne baadaye, Shomari akiwa ndiyo moto wa mji, Sadalla akaja barazani na kamati nzima. Mgongo umeanza kumwinama. Wakaamkiana, wakaulizana hali za nyumbani, mwisho katibu akalitoa lililomleta.

"Fundi, yaliyopita tuyaache. Tunamtaka shemeji yako arudi nyumbani. Tuambie, tuje lini?"

Kitwana akakata uzi kwa meno.

"Bado anakimbia," akasema. "Rudini akianza kuchechemea."