Marehemu Alitaka Fizikia

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Akirudi kutoka Keko, alikokuwa akivalisha makochi vitambaa, alikuwa na sentensi mbili: "Chakula kipo?" na "Zima taa." Katikati ya hizo alikuwa akila. Lakini tangu tumzike amekuwa msemaji kuliko mbunge. Kila aliyekuja kunipa pole alikuwa na maneno aliyoachiwa na yeye, maneno marefu yenye mpangilio mzuri, na karibu yote yalihusu masomo ya binti yetu.

Nilikuwa nimekaa eda. Mjane akiwa eda hatoki ovyo, hajipambi, hajifukizi, anakaa ndani kungoja siku zake ziishe. Hakuna aliyeniambia mapema kwamba kazi kubwa ya eda ni kusikiliza. Mtu anaingia, anavua viatu, anasema "Allah amrehemu," anapokea kikombe cha chai, na kabla chai haijapoa ameshakuwa mtaalamu wa elimu. Huwezi kuinuka ukaenda sokoni. Upo tu hapo kwenye mkeka.

Binti alikuwa amefanya mtihani wa kidato cha pili. Matokeo yalitoka wiki chache baada ya mazishi. Kuingia kidato cha tatu ilibidi achague: ashike fizikia na kemia aende sayansi, au aziache na kuchukua masomo ya biashara, au sanaa. Mimi niliishia darasa la saba, na enzi zetu masomo hayakuchaguliwa, yalikuja yote kwa mpigo pamoja na viboko vyake. Kwa hiyo nilimuuliza mwenyewe anataka nini.

"Biashara."

"Kwa nini?"

"Hesabu naziweza. Halafu rafiki yangu anaenda huko."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Na mwalimu wake yupo, mama. Mwalimu wa fizikia alihamishwa tangu tuko fomu wani. Tunajisomea wenyewe."

Katika fizikia alipata F, na F ile alistahili, nisimtetee. Katika hesabu alipata B. Niliona sababu zake zinatosha, hata ile ya rafiki. Watu wazima wamehamia mikoa mingine kwa sababu dhaifu kuliko hiyo.

Lakini marehemu alikuwa na maoni mengine.

Wa kwanza kunifikishia alikuwa wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye goti limekuwa likimsumbua muda mrefu. Alikaa, akalinyoosha hilo goti mbele yangu mithili ya ushahidi.

"Wifi, kaka alikuwaga anasema, huyu mtoto asome sayansi awe nesi. Ndani ya ukoo hatuna hata nesi mmoja, tunachomwa sindano na watu baki."

Akafuata rafiki yake wa Keko, fundi mwenzake, mtu mwema ambaye alilia sana makaburini. Yeye alisema marehemu alitaka binti awe injinia. Wakiwa kazini waliliongea sana suala hilo, akasema, maana Keko yote inahitaji mtu wa kutengeneza mashine ya kukatia sponji, sio kila siku kisu. "Aisee shem, alikuwa na maono yule," akaniambia. Nilimtazama. Nilikuwa nimeishi na yule mwenye maono tangu nikiwa msichana, na maono yake niliyoyajua mimi yalikuwa ya mechi ya Jumapili.

Sikubisha. Watu waliotushika mkono msibani huwezi kuwaambia wanasema uongo. Tena, kusema kweli, sikuwa na hakika. Mchana kutwa alikuwa Keko na mimi nilikuwa nyumbani Kiwalani. Labda kule alikuwa akisema. Labda sentensi zote alikuwa akizimalizia kazini, mimi nikaletewa zile mbili zilizobaki.

Mkubwa wa wasemaji wote alikuwa shemeji, mdogo wake marehemu. Shemeji anafanya kazi ofisini na amejenga Mbweni. Hawezi kumaliza maelezo yoyote bila Mbweni kuingia: kule Mbweni maji yanatoka, kule Mbweni mbu hakuna, kule Mbweni watoto wa majirani wote wanasoma udaktari. Kwa hiyo kaka yake alitaka daktari.

Nilipata nafasi ya kuyaangalia maneno ya shemeji yakikua. Wiki ya matanga alisema kaka aliwahi kumdokezea. Alipokuja tena, kaka alikuwa amemwambia wazi. Matokeo yalipotoka, kaka alikuwa ameusia. Nami nilikuwa najua mume wangu alivyokufa: alianguka kazini, akafikishwa hospitali hasemi, na hakusema tena.

"Shemeji," aliniambia, "shule wanaita wazazi kuhusu haya masomo. Wewe uko eda, usijisumbue. Mie ntakwenda, ntasimamia usia wa kaka."

Binti alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Niliona vidole vya miguu yake.

Shemeji alipoondoka binti alitoka, akakaa kando yangu, akaanza kunikanda mgongo, jambo ambalo halifanyi ila akiwa na shida yake.

"Mama, baba mdogo ataniandikisha fizikia."

"Nimesikia."

"Si uende wewe?"

"Nikienda nitasema nini?"

"Sema baba alikuambia nisome biashara. Basi. Wote si wanasema aliwaambia? Wewe ndiye mkewe. Nani atambishia mjane?"

Alikuwa amefikiria vizuri. Ni kweli, katika ule mnada wa maneno ya marehemu, mimi ndiye ningeweza kupandisha dau kuliko wote. Ningefunika uso kidogo na upande wa khanga, niseme "aliniambia," na shemeji na Mbweni yake wangenywea.

"Siwezi," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakuniambia."

Akaacha kunikanda mgongo. Akaingia chumbani, na jioni ile chai nilijitilia mwenyewe.

Nilimuuliza mwalimu wa madrasa, mama mmoja aliyekuwa akija kunisomea, kama naweza kutoka. Akasema kwa haja, mchana, na nirudi kulala nyumbani kwangu, hakuna tatizo. Nikamuuliza fizikia ni haja? Akacheka, halafu akakumbuka tuko msibani, akaacha. "Mtoto ni haja," akasema.

Wifi aliposikia alikuja na goti lake mbio.

"Wifi! Utatoka na kaburi halijakauka? Watu watasema nini?"

Watasema mjane kaonekana ofisi ya mwalimu wa taaluma, mchana kweupe, akiulizia kemia. Aibu gani kubwa zaidi ya hiyo? Lakini hayo niliyasema moyoni. Mdomoni nilimwambia, "Nitarudi mapema, wifi," nikavaa nguo zangu nyeupe zisizo na urembo, tukatoka, mimi na binti. Shule haiko mbali. Njiani hakunisemesha.

Tulimkuta shemeji ameshafika, amekaa kwenye kiti cha mgeni, mguu juu ya mguu, funguo za gari zimelala mezani juu ya karatasi za mwalimu. Aliponiona mguu ulishuka wenyewe.

"Shemeji! Si nilikwambia usijisumbue?"

"Nimeshajisumbua."

Mwalimu alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Alisimama akaniambia shikamoo na pole, akanitafutia kiti, akakosa, akanipa chake, yeye akaegemea dirisha. Binti alisimama nyuma yangu.

Shemeji alikuwa tayari katikati ya hotuba, akaendelea nayo. Akaeleza ukoo, akaeleza nchi inavyohitaji madaktari, akapitia Mbweni. Mwalimu alisubiri, akasema kwa upole, "Mzee, sikatai. Ila F ya fizikia ni ngumu. Na mwalimu wa somo kwa sasa hatuna. Tumeomba."

"Mwanafunzi wa kweli hangoji mwalimu," shemeji akasema. "Ni kujituma tu."

"Sawa mzee. Lakini hata anayejituma anahitaji mtu wa kumsahihishia."

Hapo shemeji akaona sayansi inaelekea kumponyoka. Akashusha sauti, akaweka mkono kifuani.

"Mwalimu, mie nisingesema hili. Kaka yangu alinishika mkono, huu hapa, akaniambia: mdogo wangu, mwanangu awe daktari. Ndiyo maneno yake ya mwisho. Sasa wewe niambie, mie nikamjibu nini siku ya kiyama?"

Mkono wa kushikwa ulikuwa mpya. Sikuwa nimewahi kuusikia.

Mwalimu aliutazama ule mkono. Alikuwa mtu mwenye adabu, na usia wa maiti si jambo la kufanyia mchezo. Akanigeukia.

"Mama, ni kweli marehemu aliusia hivyo? Kama ni usia wa mzazi, mie nitajitahidi tumwingize huko, tuone itakuwaje."

Nikahisi binti amenishika nguo mgongoni, kwa nyuma, pale ambapo hakuna aliyeona. Aliivuta kidogo. Nilijua anataka nini. Neno moja tu, na lingeaminiwa kuliko ule mkono.

"Mwalimu," nikasema, "mimi sijui mume wangu aliwaambia nini watu nisipokuwepo. Kwangu mimi hakusema awe daktari. Hakusema awe nesi wala injinia. Na biashara pia hakusema."

Nguo ikaachiwa.

"Asubuhi ya siku aliyokufa, akivaa viatu, aliniuliza: huyu mtoto bado yuko fomu wani? Nikamwambia yuko fomu tuu, ameshafanya mtihani, anangoja matokeo. Akasema ahaa. Akatoka. Hayo ndiyo maneno yake yote ninayoyajua kuhusu masomo. Na hospitali hakumshika mtu mkono, mikono ilikuwa haifanyi kazi."

Nje mtoto alikuwa anagonga kengele kwa nguvu zote alizopewa na Mungu.

"Shemeji," shemeji akasema, "unamdhalilisha kaka mbele ya watu."

"Simdhalilishi. Alikuwa fundi makochi, na mzuri. Hakuwa mwalimu wa taaluma."

Shemeji akachukua funguo zake, akazitazama moja moja. Mwalimu akakohoa, akamwambia binti, "Haya, basi wewe mwenyewe. Unataka nini?"

Nilidhani atanuna, ashindwe kusema. Alisema "Biashara" kwa sauti iliyonyooka kabisa, ingawa usoni kwake sikuweza kusoma kitu. Mwalimu akaangalia alama za hesabu, akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Ikawa imekwisha. Kwa vikao vyote vile nilivyokalia mkeka, kuandika kwenyewe kulikuwa kufupi kuliko chafya.

Nje shemeji alitutangulia hadi kwenye gari, akapiga simu. Hakujua tuko nyuma yake, au alijua. "Dada, hapana, biashara. Biashara, eeh. Kwani wewe hukumbuki kaka alivyokuwaga akisema huyu mtoto atakuja kufungua duka kubwa? Si alisema mbele yako?" Akanyamaza akisikiliza, na nadhani upande wa pili wifi alikuwa anakumbuka. Akataka kutupa lifti. Nikamshukuru, nikamwambia tutatembea.

Tulitembea polepole. Binti alikuwa mbele yangu kidogo, kichwa chini. Nilijua nimemwumiza. Kupata alichotaka alikuwa amepata, lakini mbele ya mwalimu wake mama yake ametangaza kwamba baba hakujua hata mtoto yuko kidato cha ngapi. Wanafunzi wengine baba zao hujua. Ningeweza kuyafupisha yale maneno. Ningeweza kuishia kwenye "hakusema." Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia hayo, na sikuipata, maana na mimi sentensi zangu si nyingi.

Tulipofika karibu na nyumbani akasimama.

"Kweli baba hakumwambia mtu yeyote?"

"Mimi ninachojua, hapana. Angepangaje udaktari wa mtoto wakati hata darasa lake hakulijua?"

"Hata anko wa Keko?"

"Sijui. Lakini yule anataka mashine ya sponji."

Akacheka, mara moja, puani. Halafu uso wake ukakunjamana, akaanza kulia, pale barabarani, mbele ya mwanamke anayekaanga mihogo.

"Mie nilikuwa nakaa nafikiria," akasema. "Shangazi kaambiwa, baba mdogo kaambiwa, anko kaambiwa. Watu wote hawa anawaambia habari zangu. Mie mwenyewe nipo naye nyumbani kila siku, haniambii kitu. Nikawa najiuliza nimemkosea nini."

Nikamvuta kwangu. Alikuwa amenipita urefu, sijui tangu lini. Mwanamke wa mihogo aligeuza uso akajishughulisha na mafuta yake, Mungu ambariki.

"Hukumkosea kitu," nikamwambia. "Alikuwa haongei."

"Kumbe," akasema, akijifuta kwa mtandio. "Kumbe hakusema kwa yeyote."

Akapumua, akanishika mkono, tukaingia ndani kabla watu hawajaanza kuhesabu nimetoka kwa muda gani.