Muhogo Juu ya Uwanja wa Ndege

Safari yetu kutoka Lulimba ilinuka muhogo uliolowekwa. Lori lilijaa magunia yake, nasi tulikaa juu, mama na mimi, tukipigwa na jua, tukilala njiani kila lilipokwama kwenye tope, hadi tulipopita Fizi na kuliona ziwa kule chini. Baba alikuwa amefukiwa na shimo la dhahabu. Mama alikuwa anamfuata dada yake mkubwa katika mji wa Baraka, aanze upya kwa kilimo. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nilidhani harufu ile ingeishia kwenye lori. Kumbe Baraka niliikuta hata kwenye uwanja wa ndege.

Uwanja wenyewe ulikuwa ukanda wa udongo mwekundu kando ya njia ya Fizi. Ulitengenezwa kwa salongo, ile kazi ya lazima ya serikali: wanaume walifyeka vichaka, wanawake wakashindilia udongo kwa michi ya kutwangia hadi ukawa mgumu kama sakafu. Ndege iliyotua pale ilikuwa moja tu, ya viti vinne, ya mnunuzi wa dhahabu kutoka Bukavu tuliyemwita Patron. Dhahabu yake ilisafiri kwa gari. Ndege aliirusha kwa kujifurahisha, kama wengine wanavyocheza mpira. Wanawake nao, kwa kuwa ndio walioutwanga, waliuona uwanja ni wao, wakaanika muhogo juu yake. Makubaliano yalikuwa kwamba Patron azunguke kwanza juu ya soko, wao wakimbie kuzoa, ndipo atue.

Hata adui mpe haki yake. Siku moja Patron alinipandisha ndegeni kwa sababu nilikuwa nimemfukuzia mbuzi uwanjani. Niliona rasi ya Ubwari imelala majini kama mamba anayeota jua, mitumbwi midogo kama maganda ya karanga, na tumbo langu likabaki chini. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Ilikuwa raha ya kweli, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Kisha ikaja Jumapili moja ya kiangazi, akaja na wageni. Hakuzunguka. Alitaka kuwaonyesha anavyoweza kushuka ghafla, injini ikiwa karibu kimya. Mama alikuwa ameinama akigeuza muhogo, akiba yetu yote ya msimu wa mvua. Aliposikia wenzake wakipiga kelele alikimbia, akajikwaa, na gurudumu likapita juu ya mkono wake wa kulia.

Patron alishuka, akakagua gurudumu kwanza.

"Mama, nani alikuambia utandike chakula mu kiwanja ya ndege?"

"Na weye, nani alikutwangia ile kiwanja?" mama alimjibu akiwa bado chini.

Mama mkubwa alimsihi: "Patron, umupeleke Bukavu, ku lopitali. Bageni babakie kwangu. Niko na kuku, hawatalala njaa."

Patron alisema wageni wana kazi Jumatatu. Wakapanda, wakaruka, na vumbi lao likatua juu ya muhogo. Mama alifika hospitali ya Uvira kwa lori, wiki mbili baadaye, mfupa ukiwa umeanza kuunga vibaya.

Sasa nina miaka arobaini na kitu, nimetangatanga miji mingi, na bado ninakutana na watu wanaorusha ndege ndogo kwa starehe. Wananisimulia mawingu, kisha wananilalamikia bei ya mafuta na vipuri. Hakuna aliyewahi kuniambia nani alimshindilia uwanja. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Sisi tulimpisha, tena tukamfagilia njia.

Mvua za kwanza zilipochimba mifereji uwanjani, mjumbe wa chefu, mkuu wa eneo letu, alipita asubuhi na filimbi yake. Alikuwa jirani yetu, mtu wa utani, lakini siku ile hakutania.

"Mama Etabo, kesho bote ku salongo. Kiwanja ya Patron imeharibika."

Mama alimwonyesha mkono uliopinda.

"Ninaona," mjumbe alisema, akitazama chini. "Basi huyu mutoto wako Etabo atashika muchi mu nafasi yako. Yeye mikono yake iko mizima."

Mama alifunga vyombo kwa mkono mmoja na meno, na kabla ya adhuhuri tulikuwa juu ya lori la Uvira. Sikurudi tena Baraka. Njia nzima alivikamata viganja vyangu viwili ndani ya mkono wake wa kushoto, kwa nguvu hadi vikaniuma, na nilipomwambia vinauma hakuviachia.