Maili Niliyoipima Shela

Mwaka 1966 sikumjua mtu mwingine kisiwani kwetu aliyekuwa na diploma ya elimu ya michezo, na sikuona sababu ya kulificha jambo hilo. Sikupelekwa Uingereza na serikali wala na mjomba tajiri. Nilitoka Matondoni, kwa baba fundi wa vyombo vya baharini, nikapika chai melini, nikaosha sahani Liverpool, nikasoma miaka miwili huku nikifanya kazi. Nilirudi na cheti chenye muhuri mwekundu na saa ya kupimia mbio ndani ya kikasha cha ngozi, nikapata ualimu Lamu mjini. Hayo niliyapata kwa jasho langu, na hata leo, pamoja na haya nitakayoyasimulia, sioni haya kuyataja.

Mwaka ule dunia ya michezo ilikuwa na mambo. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilikaa barazani na redio yangu, nikiwatafsiria wenzangu habari za Kiingereza. Nakumbuka siku nilipowaambia kwamba Kombe la Dunia lililoibwa London limepatikana, na aliyeliona ni mbwa.

"Mbwa?" akauliza muuza halua. "Alilikamata kwa mdomo?"

"Alilinusa tu, Bwana. Lilikuwa kichakani, limefungwa gazeti."

"Hata kama. Walioshe mara saba, moja kwa mchanga, ndipo wacheze."

"Na Waafrika tumegoma kwenda," nikasema.

"Tumefanya vyema. Tukashindanie najisi?"

Baraza nzima ilicheka. Aliyecheka mwisho alikuwa konstebo mmoja wa polisi aliyesimama pembeni, kijana mrefu, Mkristo kutoka bara, ambaye Kiamu chetu kilimchelewesha kidogo. Wengine walipoinuka, yeye alibaki.

"Mwalimu," akasema, "hiyo michezo ya Jumuiya ya Madola, ya Jamaica mwezi wa nane, mtu huingiaje?"

"Kwa mchujo wa Nairobi. Unakimbia?"

"Nyumbani nilikuwa nakimbia maili."

Nilimwambia aje ufuoni Shela kesho yake maji ya bahari yakitoka.

Wakati huo askari walikuwa wakipelekwa Kiunga, mpakani mwa Somalia, kwa zamu kwa sababu ya mashifta, wale waasi wenye bunduki, na zamu yake ilikuwa Julai. Mkuu wake alikuwa amemwambia wazi kwamba akichaguliwa kwenye timu ya taifa, atahamishiwa Nairobi, karibu na mkewe aliyekuwa mjamzito. Asipochaguliwa, ni Kiunga. Alinieleza hayo akiwa amesimama wima kama anatoa ripoti, nami nikamwambia asiwe na wasiwasi, amefika kwa mtu anayejua.

Ili nimfundishe maili ilinipasa niwe na maili. Kisiwani hakukuwa na uwanja wenye vipimo, lakini ufuo wa Shela maji yakitoka ni mgumu kama sakafu. Nilikwenda Matondoni nikachukua kwa baba kamba ndefu ya makumbi ya nazi, ile ya kazi za vyombo. Nikawaweka wafanyakazi wake wawili, wanaume wa shoka, mmoja kila upande, nikawaambia wavute mpaka kamba ilie. Nikaipima kwa rula ya yadi ya shule hadi yadi themanini na nane, nikafunga hapo kitambaa. Kamba ishirini za namna hiyo ni maili kamili.

Baba aliacha tezo lake la kuchongea mbao akaja kutazama.

"Mwanangu, hiyo ni kamba ya makumbi. Ukiivuta huja, ukiiacha hurudi."

"Baba, kipimo hakichukuliwi kwa kamba iliyolegea. Hayo tumeyasomea."

"Haya. Wewe ndiwe uliyesoma."

Alisema bila kejeli, akarudi kwenye kazi yake.

Shela tulikuwa wawili tu, mimi na konstebo. Watu wawili hawawezi kuvuta kamba ya urefu ule mchangani kama walivyoivuta wale wa Matondoni. Tuliilaza taratibu, tukaweka alama, tukaibeba, tukailaza tena, mara kumi kwenda. Mwisho tukachimbia mti wa mkoko, na pale ndipo alipotakiwa kugeuka arudi kwangu. Sikufikiri lolote. Nilikuwa nikiitazama saa yangu.

Siku ya kwanza alikimbia dakika nne na sekunde tisa. Wiki ya tatu, nne na mbili. Nilimpa mazoezi niliyoyanakili darasani, nikamkataza chai ya maziwa, nikamfundisha kushusha mabega. Asubuhi moja ya Mei, ufuo umelowa mvua, alinijia na ule mwendo wake mrefu, akapita mbele yangu, nikabonyeza. Dakika tatu na sekunde hamsini na nane.

Nilimwonyesha. Alikuwa ameinama, mikono magotini.

"Ni yangu hiyo, Mwalimu?"

"Ni yako. Duniani wanaoweza hiyo wanahesabika."

Akakaa chini mchangani akalia. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wake.

"Mwalimu, una hakika?" akaniuliza. "Hii nikiipeleka Nairobi inabeba jina langu."

"Bwana mkubwa, nimepima mwenyewe. Nina diploma."

Barua ikaenda. Barazani nilitangaza kwamba Lamu itapeleka mtu Jamaica, na muuza halua akamtumia konstebo sahani nzima ya halua, ambayo nilimkataza kuila.

Alisafiri kwenda kwenye mchujo mwezi wa sita. Aliporudi, nilimsubiri gatini. Alishuka wa mwisho, akanisalimia kwa adabu, akaniambia alikuwa wa mwisho pia katika mbio.

"Walinipita wote. Nilisikia watu wakicheka. Mtangazaji alikuwa amesema huyu ndiye yule wa Lamu."

"Muda wako?"

"Nne na ishirini na nne." Akanitazama. "Mwalimu, miguu yangu ilipatwa na nini?"

Nilikwenda nyumbani na ile nne na ishirini na nne kichwani. Maneno ya baba yakaanza kunirudia, nikajaribu kuyafukuza, hayakwenda. Siku ya pili shule ilipotoka niliilaza ile kamba uani, kwa upole, kama tulivyoilaza Shela, nikaipima kwa rula. Yadi themanini.

Mtu mwenye elimu yangu hakuhitaji karatasi. Yadi nane, mara ishirini, ni yadi mia na sitini. Maili yangu ilikuwa fupi kwa yadi mia na sitini, na mtu anayekwenda mwendo ule akiongezewa yadi hizo hufika kwenye dakika nne na ishirini na kitu. Nairobi alikimbia vilevile alivyokimbia Shela. Miguu yake haikupatwa na lolote. Ilikuwa miguu mizuri ya mkimbiaji wa kawaida, nami nilikuwa nimeipeleka mbele ya watu ichekwe.

Zilibaki siku tisa kabla hajakwenda Kiunga. Kila siku nilisema nitamwambia kesho. Siku ya kuondoka nilimkuta gatini amekaa juu ya sanduku lake la bati, na kabla sijafungua mdomo aliniuliza tena lile swali.

"Umekaa pwani miaka miwili," nikamwambia. "Damu yako imesahau milima. Hewa ya Nairobi ni nyepesi."

"Kwa hiyo ni damu."

"Ni damu. Tumeyasomea."

Akashukuru. Akanipa mkono kwa mikono yake miwili.

Julai ile Wakorea waliwafunga Waitalia kule Uingereza, baraza ikavunjika kwa kelele. Agosti redio ikasema Mkenya ameshinda maili Jamaica. Watu walinikumbatia kama kwamba aliyekimbia ni mimi, halafu muuza halua akauliza, "Na yule wako, Mwalimu, alipatwa na nini hasa?" Niliongeza sauti ya redio.

Mvua za Novemba, lori la polisi alilopanda konstebo lilipinduka kwenye matope ng'ambo ya Mkokoni. Walimleta Lamu kwa mashua. Daktari alisema goti la kushoto halitakunjika tena. Nilipopata habari niliapa kwamba sasa nitamwambia, kwa vile hakuna tena mbio za kuharibu. Nilikwenda hospitali baada ya sala ya Ijumaa na maneno yangu nimeyapanga.

Nilimkuta amekonda, anazungumza na muuguzi aliyekuwa akimfunga bendeji, mwanamke wa mjini kwetu.

"Afadhali umekuja, Mwalimu," muuguzi akasema. "Huyu mgonjwa wako ananiambia alikimbia maili kwa dakika tatu. Mimi namwambia dawa imempanda kichwani."

"Tatu na hamsini na nane, Sista," konstebo akasema. "Muulize. Huyu ana diploma. Alipima mwenyewe."

Wote wawili wakanigeukia. Muuguzi alikuwa akitabasamu. Yeye hakutabasamu. Alikuwa ameushika ukingo wa kitanda.

"Ni kweli," nikasema. "Nilipima mwenyewe."

"Umesikia?" akamwambia muuguzi. Kisha akaniomba niseme tena, kwa sauti, ili askari wa kitanda cha pili naye asikie.

Nikasema tena.