Seva Iliyofunikwa Msibani

Jua la Mikindani limesimama utosini, lakini ndani ya studio ya picha ya Zainulabedin taa inawaka. Madirisha yamefungwa tangu msiba ulipoingia. Kioo kirefu cha wateja kujitazamia kimefunikwa kaniki. Runinga imefunikwa. Kabati la vioo nalo limetundikiwa shuka la maua ya zambarau, lililopigwa pasi likanyooka.

Felista Nandonde, fundi wa kompyuta kutoka Chuno, Mtwara mjini, amepiga magoti sakafuni, bisibisi ameibana kwa meno. Mbele yake ni seva, ile kompyuta kubwa inayohifadhi picha zote za studio. Ameiwasha mara kadhaa. Feni zinavuma, kioo chake kinabaki cheusi.

Kisha, kutoka ndani: tik. Kimya. Tik, tik. Kama ukucha wa mtu kwenye mbao.

"Ndiyo hiyo hodi," ananong'ona Bi Kubra, mke wa Zainulabedin, akirudi nyuma hadi mgongo unagusa ukuta. "Matanga yote ilibisha vivyo hivyo."

Huu ni mwaka 2007, mwezi wa Septemba. Mtoto wao wa pekee, Wasim, alifariki kwa malaria mwezi uliopita, na arobaini yake inakaribia. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga picha Mikindani nzima: maharusi, wanafunzi, wazee wa pasipoti waliokatazwa kucheka. Mwenyewe hakupenda kupigwa.

"Mganga hajigangi," anasema Zainulabedin. "Za utotoni zipo, ana meno mawili tu. Ya utu uzima ni moja. Alijipiga wiki ile kabla ya homa, akijaribu taa mpya. Akamwonyesha mama yake hapo kwenye kompyuta, akasema ataisafisha baadaye."

Baadaye haikufika. Picha hiyo ndiyo Bi Kubra anayoitaka, na ipo ndani ya mashine hii tu.

Katika nyumba hii, mtu akifa, kila kinachorudisha sura hufunikwa mpaka arobaini ipite. Ndivyo alivyofanya mama mkwe wa Bi Kubra, na mama yake kabla yake. Kioo cha kompyuta kikiwa kimelala kinaonyesha uso wa mtu, na kasha la seva linang'aa kama sahani nyeusi. Bi Kubra akavifunika vyote kwa blanketi, akalikunja mara mbili lisidondoke. Hakuna aliyeizima mashine. Aliyejua kuizima alikuwa amezikwa.

Siku chache baadaye blanketi likaanza kulia, mlio mwembamba usiokoma. Kisha zikafuata hodi.

"Mlifunua?" anauliza Felista.

"Nani athubutu?" anajibu Zainulabedin. "Tukakaa tukasoma dua. Kadiri tulivyosoma, hodi zikazidi."

"Ilikuwa inakosa hewa, baba."

Mzee anainamisha kichwa. Umeme ulipokatika juzi ukarudi, blanketi lilinyamaza. Hapo ndipo walipolifunua, na mashine ikagoma kuamka.

Felista amezaliwa Naliendele, baba yake akiwa fundi wa redio. Alijifunza kompyuta Dar es Salaam, akarudi nyumbani kufungua kibanda. Kuna wiki hupata mashine nne, kuna wiki hukaa akipangusa vumbi la mezani. Kazi ngumu, anasema, ni zile zinazoletwa na watu wenye macho mekundu.

"Wanakuja na mashine lakini hawaulizi habari za mashine," anasema. "Wanauliza kama mtu wao bado yumo."

Anafungua kasha. Ndani mna diski mbili, pacha: kinachoandikwa kwenye moja huandikwa na kwenye ya pili, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Ananyoosha kidole. Waya wa diski ya kwanza umeliwa na kutu ya hewa ya chumvi. Pacha huyo aliachwa nyuma miezi mingi bila Wasim kujua. Wa pili akabeba mzigo peke yake, hadi joto la blanketi likamshinda.

Anaitoa ya pili, anaiweka pembeni. Anausugua ule waya kwa mswaki na spiriti, mpaka shaba inaonekana.

"Enyi Wamakonde," Zainulabedin anamtania, "mmemaliza mpingo, sasa mnachonga chuma?"

"Mpingo hauna matatizo, baba. Haukati tamaa kama chuma hiki."

Anairudisha diski ya pili mahali pake, anawasha. Kioo kinajaa mwanga wa buluu, na maneno yanatokea: Karibu, Wasim.

Kikombe cha Bi Kubra kinaanguka. Hakuna anayeinama kukiokota.

Picha zinafunguka moja moja, na Wasim ana kazi ya kumaliza: bibi harusi wa Februari anasubiri picha zake. Bibi harusi huyo anakaa mtaa wa pili, na mimba yake ni kubwa sasa. Ndani ya mashine hata hina haijamtoka.

Linatokea swali: diski nyingine imeonekana, je, inakiliwe kutoka hii?

"Bonyeza ndiyo, mwanangu, yaishe," anasema Zainulabedin.

Felista anaondoa mikono kabisa kwenye kibodi. "Hapana, baba. Aliyeamka huyu ni pacha wa kwanza, anadhani bado ni Februari. Nikimruhusu, ataandika Februari yake juu ya kila kilichofuata. Picha ya Wasim itafutika kana kwamba hakuna aliyeipiga."

Anazima. Anamtoa pacha wa pili, yule mgonjwa, anamlaza juu ya kibao mbele ya feni, anamuunganisha na kompyuta yake ndogo yenye diski mpya. Diski inasoma kidogo, inagonga. Anachomoa, anaiacha ipoe. Anarudia.

"Ukimlazimisha anakufa," anasema. "Ukimsubiri, anakupa kidogo kidogo."

Bi Kubra amesogea, ameketi sakafuni kando ya feni. Diski inapogonga tena, anaijibu: "Haya baba, pumzika." Felista hacheki. Anachomoa.

Alasiri, picha inaanza kushuka kutoka juu ya kioo. Nywele. Paji la uso. Macho. Wasim anatazama juu kidogo ya bega la mama yake, alikokuwa ameiweka taa mpya. Wote watatu wanageuka nyuma. Kuna ukuta tu.

Picha inafika kidevuni. Chini yake ni kijivu kitupu. Diski inagonga mara moja, inanyamaza, na haizunguki tena.

"Jaribu tena," anasema Zainulabedin.

"Mwache," anasema Bi Kubra. "Macho ninayo."

Felista anatengeneza nakala mbili za picha hiyo kwenye CD, polepole, akihakiki kila moja. Akiulizwa anatarajia nini mbele, anasema anatafuta chumba cha pili hapo Chuno, chenye madirisha mapana, ambako watu wa Mtwara na Mikindani wataweza kuacha nakala za vitu vyao.

"Pacha wawili wakilala nyumba moja, msiba wa nyumba ni wao wote," anasema. "Nataka wa tatu alale kwangu."

Bi Kubra anachukua nakala moja, anaifuta vumbi isilokuwa nalo, anamwekea Felista mkononi.

"Basi anza na huyu wangu."