Shukrani Zilizochelewesha Chakula

Wacha watu waseme nina mdomo. Ninao. Ningekosa mdomo mwaka huo, wasichana wangu wanne wangenyang'anywa fizikia mbele ya macho yangu.

Hao wanne ndio pekee waliokuwa wamechagua somo hilo katika kidato cha tatu, nami ndiye mwalimu wao, katika shule ya wasichana hapa Eldoret. Mwalimu mkuu aliamua kwamba wanne ni wachache mno. Somo lingefutwa, wao wahamishiwe upishi, na maabara igeuzwe bweni. Wazazi wangepitisha jambo hilo siku ya wazazi, kwa makofi kama kawaida yao.

"Madam, wasichana wenyewe hawaitaki hiyo fizikia," aliniambia akitabasamu.

Ati hawaitaki! Mmoja wao, binti wa wakulima wa mahindi kule Kesses, alikuwa analala na kitabu cha fizikia chini ya mto.

Sikubishana. Niliomba tu nafasi ya mchezo wa kuigiza, nikapewa, maana nani anaogopa mchezo wa wasichana? Tukautunga wenyewe. Ulihusu wanawake wa zamani huko ng'ambo, walioajiriwa kukagua picha za anga zilizopigwa kwenye vioo, huku darubini yenyewe wakikatazwa kuigusa kwa sababu ni wanawake. Mmoja wao anagundua nyota mpya. Mkubwa wake anaitangaza kama yake. Katika onyesho la mwisho, mwanamke huyo anaingia kwenye mkutano wa wakubwa na kuidai. Vioo tulipewa na fundi wa madirisha kule Yamumbi, vipande alivyotaka kutupa, tukavidondoshea rangi nyeusi ziwe nyota, maana kwenye picha hizo za vioo nyota hutoka nyeusi.

Msichana wa Kesses ndiye aliyeigiza mgunduzi. "Hapo mwisho, Madam, nitawaangalia wazazi," aliniambia. "Wajue ni sisi tunaongea."

Siku yenyewe mgeni wa heshima akachelewa, na hiyo si habari. Tukaanza mchezo tukimngoja. Tulikuwa tumebakisha onyesho la mwisho tu, magari yake yakaingia getini. Naibu wa mwalimu mkuu akarukia maikrofoni.

"Asanteni wasichana, inatosha! Wazazi, tusimame tumpokee mgeni."

Wakabaki pale wameshika vioo vyao. Yule wa Kesses aliniangalia tu. Nilitaka kulia, halafu nikakasirika mpaka masikio yakapata moto.

Zikaja hotuba. Mgeni alizungumzia barabara, kisha akajizungumzia yeye. Mwalimu mkuu naye akapenyeza kufutwa kwa fizikia katikati ya rangi ya geti na ukarabati wa ua, wazazi wakapiga makofi. Kwisha.

Sasa, sherehe zetu zina desturi moja. Wakubwa wote wakishaongea, mwalimu wa kike hupewa maikrofoni atoe shukrani. Hakuna anayeitaka kazi hiyo, kwa sababu watu wana njaa na pilau inanukia. Kila mwaka hunitupia mimi. Lakini huku kwetu hakuna mtu atakayegusa sahani kabla ya shukrani na maombi. Kwa hiyo kwa dakika hizo, umati wote ulikuwa wangu.

Nilimshukuru mgeni. Nikawashukuru wapishi. Kisha nikasema, "Kuna wanne sijawashukuru, na siwezi kuwashukuru kwa kazi ambayo hawajamaliza. Njooni mmalize."

Naibu akanijia mbio. "Madam, muda!"

Nikaing'ang'ania maikrofoni. Kama kibarua ni cha kuota nyasi, basi kiote!

Msichana wa Kesses akainua kioo chake, akawageukia wazazi. "Nyota hii niliiona mimi," akasema. Hapo ndipo mchezo ulipoishia, lakini yeye hakunyamaza. "Na fizikia bado naitaka. Mimi na wenzangu hawa. Hakuna aliyetuuliza."

Mwalimu mkuu akatabasamu lile tabasamu lake. "Asanteni kwa burudani. Sasa tusimame kwa maombi."

Kwetu ukiambiwa usimame kwa maombi, unasimama, hata kama mguu unauma. Mgeni akasimama. Pasta alikuwa ameshafumba macho. Mama yake yule msichana akabaki kwenye kiti, mikono ameikunja kifuani. Mama wa pembeni yake, aliyekuwa ameshaanza kuinuka, akaketi tena. Kisha safu nzima ikaketi, na ile ya nyuma yake. Haki ya Mungu, sijawahi kuona kitu kama hicho.

"Mama, tunaomba," mwalimu mkuu akasema.

"Ombeni," akajibu. "Mimi nangoja wasichana waulizwe."

Pasta akafumbua macho, akatazama huku na huku, naye akaketi.

Basi ikabidi mwalimu mkuu aulize, ni nani anayetaka fizikia. Wale wanne wakanyoosha mikono. Kisha, kule kwenye viti vya kidato cha pili, ambao wangechagua masomo yao mwaka uliofuata, ukanyooka mkono mmoja, na mwingine, na mwingine, mpaka akaacha kuhesabu.